Mlezi wa watoto nyumbani Marekani: kujiunga na mpango wa chakula au kubaki nje?

Mlezi wa Columbus (mleta mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Uzi huu nauandika kwa ajili ya wenzangu wenye leseni ya kulea watoto nyumbani hapa Marekani, wengi wao akina mama waliotoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, ambao hawaishi kuulizana kama inafaa kujiunga na mpango wa chakula, au kama kujiunga ni kujitafutia wakaguzi wa kuja kufungua friji. Nililea watoto miaka miwili nikiwa nje ya mpango, na huu ni mwaka wangu wa nne nikiwa ndani. Msimamo wangu nautanguliza ili msiutafute kwa tochi: aliye daraja la kwanza, yaani linalolipwa zaidi, akakaa nje anawalisha watoto wa watu kwa fedha ya watoto wake mwenyewe, na aliye daraja la pili, linalolipwa kidogo, ana haki ya kupiga hesabu kwanza kabla ya kutia sahihi.

Kwa asiyeujua, mpango wenyewe unaitwa Child and Adult Care Food Program, kwa kifupi CACFP, nao humrejeshea mlezi fedha za milo anayowapa watoto. Fedha zake zinatoka Wizara ya Kilimo ya Marekani na kupitia serikali za majimbo. Ulianza kama majaribio ya vituo vya kulea watoto mwaka 1968, na nyumba za walezi zikaruhusiwa kuingia katikati ya miaka ya 1970. Mlezi wa nyumbani haombi jimboni moja kwa moja. Sharti apitie mdhamini, yaani shirika linalomwandikisha, kumfundisha, kumkagua, kupokea madai yake ya kila mwezi na kumlipa. Wengi hudhani mdhamini anakata chake katika fedha ya mlezi, na mimi niliamini hivyo miaka miwili mizima. Sivyo. Mdhamini analipwa fungu lake la uendeshaji kando, na marejesho ya milo anatakiwa kumfikishia mlezi yote, ndani ya siku tano za kazi tangu fedha zimfikie.

Kwa kila mtoto unarejeshewa milo miwili mikuu na kitafunio kimoja kwa siku, au mlo mmoja mkuu na vitafunio viwili, basi. Viwango hubadilishwa kila tarehe 1 Julai. Katika mwaka wa programu ulioanza Julai 2024, nje ya Alaska na Hawaii ambako viwango ni vya juu zaidi, mlezi wa daraja la kwanza alilipwa dola 1.66 kwa kifungua kinywa, dola 3.15 kwa chakula cha mchana au cha jioni, na senti 93 kwa kitafunio. Wa daraja la pili alilipwa senti 60, dola 1.90 na senti 26 kwa milo hiyo hiyo.

Sasa tuwaweke mezani watoto watano, wanaokula kifungua kinywa, chakula cha mchana na kitafunio cha alasiri, kwa siku 21 za mwezi. Daraja la kwanza ni dola 5.74 kwa mtoto kwa siku, na kwa mwezi ni dola 602.70. Daraja la pili ni dola 2.76 kwa mtoto, na kwa mwezi dola 289.80. Sufuria ni ile ile na maziwa ni yale yale, ila fedha zinapungua zaidi ya nusu. Mgawanyo huu wa madaraja uliletwa na sheria ya mwaka 1996 na ukaanza kutumika Julai 1997. Kabla yake nyumba zote zililipwa sawa.

Daraja la kwanza unaliingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni anwani yako: kama shule ya eneo lako ina angalau nusu ya wanafunzi wanaostahili chakula cha bure au cha bei iliyopunguzwa, au takwimu za sensa zinaonyesha hivyo, umeingia, hata kama kipato chako ni kizuri. Ya pili ni kipato cha kaya yako kutozidi asilimia 185 ya kiwango rasmi cha umaskini. Wengi wetu tunaishi katika mitaa ambayo inatuingiza kwa anwani tu, na hatujui.

Nilikuwa nimekataa kwa sababu ambayo sasa naiona ya aibu kidogo, kwamba sikutaka mgeni aje kunihesabia vijiko jikoni. Kilichonigeuza ni risiti. Novemba moja nilizitandaza mezani zote, na nilipojumlisha maziwa peke yake nikaacha kujumlisha vitu vingine.

Mkaguzi wa kwanza alikuja saa sita kasoro robo mchana, bila taarifa. Watoto watano walikuwa mezani, nimeshawapakulia sahani, na vikombe vya maziwa vilikuwa vinne, kwa sababu wa tano hapendi maziwa na ninajua atayamwaga. Mama yule hakupandisha sauti. Aliandika tu kwamba mlo wa mtoto wa tano hautalipwa, kwa kuwa ukipakua sahani wewe mwenyewe, kila mtoto lazima awekewe kila kitu kinachotakiwa, kwa kipimo kamili. Kikombe kimoja kikanigharimu mlo mzima. Kisha akanifundisha jambo ambalo katika mafunzo lilikuwa limepita masikioni mwangu: nikiweka mabakuli na jagi katikati ya meza, chakula kikawa kinatosha wote kwa kipimo, na kila mtoto akapewa nafasi ya kujipakulia, basi anayekataa maziwa amekataa yeye, na mlo wake unahesabiwa. Kwetu tumekulia sinia moja. Nilikuwa nimeacha desturi yangu mwenyewe nikidhani sahani za kila mtu peke yake ndiyo utaratibu wa Wamarekani.

Naomba maoni, hasa ya walioingia wakatoka.

Jiko la Dallas

Dada mleta mada, umeeleza vizuri, lakini umepita juu juu ya jambo linalotuudhi wengi, nalo ni chakula chenyewe. Wazazi wananiletea watoto kwangu, wakapita vituo vitatu vya kulea watoto njiani, kwa sababu mtoto atakula ugali na maharage na atasemeshwa Kiswahili. Nikijiunga naambiwa maandazi hapana, sambusa hapana, na kila mlo uwe na maziwa kama vile tunalea ndama. Nimeona walezi wenzangu walioingia katika mpango huu wakaishia kulisha vipande vya kuku vya kugandishwa na matunda ya mkebe, kwa sababu ndivyo wanavyojua kuvijaza kwenye fomu. Je, hizo dola mia sita hazinunui jiko langu?

Mlezi wa Columbus

Ndugu yangu wa Dallas, hofu yako niliwahi kuwa nayo, na sehemu yake ni ya kweli. Maandazi ni kweli hayapo. Tangu kanuni mpya zilipoanza Oktoba 2017, chakula cha kuzamishwa katika mafuta hakiruhusiwi kupikwa hapo nyumbani kama sehemu ya mlo unaolipwa, na vitamutamu vya unga havihesabiwi kuwa nafaka. Andazi limeangukia makosa yote mawili kwa mpigo. Mimi hupika Jumamosi, kwa ajili ya wanangu, na wazazi wakipenda huchukua.

Ila mengine yote yanaingia, ukijua yanahesabiwaje. Chukua chakula cha mchana cha mtoto wa miaka mitatu hadi mitano: maziwa robo tatu ya kikombe, nyama au kibadala chake aunsi moja na nusu, mboga robo kikombe, tunda robo kikombe, na nafaka nusu aunsi, ambayo kwa kilichopikwa ni robo kikombe. Maharage ni kibadala cha nyama. Robo kikombe ni aunsi moja, kwa hiyo upime thumuni tatu za kikombe. Yanaweza pia kuwa mboga, lakini hayawezi kuwa vyote viwili katika mlo mmoja, kwa hiyo ukiyahesabu kama nyama weka sukuma wiki pembeni. Chapati ya kukaangwa kwenye chuma kwa mafuta kidogo inapita, na ukitumia unga wa ngano isiyokobolewa umetimiza na lile sharti la nafaka nzima angalau mara moja kwa siku. Uji wa ulezi ni nafaka nzima; weka sukari kwa mkono mwepesi.

Penye mtego ni ugali. Unga wa mahindi unahesabiwa kama ni wa mahindi yasiyokobolewa au kama paketi imeandikwa kwamba umeongezwa virutubisho. Ule mweupe laini wa maduka yetu, ambao paketi haisemi lolote kati ya hayo mawili, ni ugali kwako na kwangu lakini kwenye fomu ni hewa. Unga wa muhogo nao hauhesabiwi kuwa nafaka, kwa sababu muhogo ni mzizi. Ndugu zangu wa Kongo wamelia sana hapo, na sina dawa zaidi ya kuwaambia wapike fufu, kisha waongeze nafaka nyingine pembeni.

Kuhusu maziwa, mtoto ambaye tumbo lake halipatani nayo si lazima ateswe. Mzazi akiomba kwa maandishi, kinywaji kisicho cha maziwa chenye virutubisho vinavyolingana na maziwa kinaruhusiwa bila cheti cha daktari. Aliye na umri wa mwaka mmoja hunywa maziwa yenye mafuta yake yote. Kuanzia miaka miwili, kwa kanuni za mwaka 2024, yalikuwa yale ya mafuta kidogo au yasiyo na mafuta.

Vipande vya kuku vya kugandishwa hakuna aliyewalazimisha kuvinunua.

Hesabu za Jioni

Nafanya kazi ya kuwatayarishia watu hesabu za kodi, na katika msimu wa kodi nimekutana na walezi wengi wanaosema, "Mimi sihitaji mpango, chakula nakitoa kwenye kodi." Naomba niliweke hili sawa, kwa kuwa linawapotezea watu fedha nyingi kuliko kosa lolote la fomu.

Mamlaka ya kodi, IRS, inamruhusu mlezi wa nyumbani kutoa gharama za chakula kwa viwango vya kawaida badala ya kutunza risiti za kila nyanya, na viwango hivyo ni vile vile vya daraja la kwanza la mpango wa chakula, hata kwa asiyejiunga na hata kwa aliye daraja la pili. Unahesabu kifungua kinywa kimoja, chakula cha mchana kimoja, cha jioni kimoja na vitafunio visivyozidi vitatu kwa kila mtoto kwa siku, mradi uwe na orodha ya nani alikula nini siku gani.

Lakini kutoa gharama si kurudishiwa. Mlezi anayelipa kodi ya mapato ya asilimia 12 pamoja na ile ya waliojiajiri ya asilimia 15.3, akitoa mlo wa dola 3.15 (kiwango kilichoanza Julai 2024), anaokoa takribani senti 85. Mwenzake wa daraja la kwanza anapokea dola 3.15, anaziandika kuwa mapato kwenye Schedule C, fomu ya kodi ya waliojiajiri, anatoa dola 3.15 za chakula, hesabu inafutana, na zile 3.15 zinabaki mkononi mwake. Tofauti kati yao ni zaidi ya dola mbili kwa sahani moja ya mchana. Wa daraja la pili anapokea 1.90 na bado anatoa 3.15. Na kwa kuwa mpango unalipa milo mitatu tu, vitafunio vya ziada ambavyo haukulipa vinatolewa kwenye kodi kama kawaida.

Marejesho haya ni mapato, kwa hiyo anayeyaficha ajue kwamba yameandikwa kwa mdhamini. Isipokuwa yale yanayolipwa kwa ajili ya watoto wako mwenyewe, ambayo hayatozwi kodi. Nacho chakula chao hukitoi.

Mlezi Aliyetoka

Mleta mada ametuita tulioingia tukatoka, basi nimekuja. Mimi ni daraja la pili. Mtaa wangu hauna sifa na kipato cha mume wangu kilizidi kidogo. Nilikuwa na watoto watatu, kwa hiyo nilipokea kama dola 170 kwa mwezi uliojaa, na ugonjwa ukiingia nyumbani zilishuka. Kwa fedha hiyo nilikuwa na fomu ya uandikishaji ya kila mtoto yenye sahihi ya mzazi kila mwaka, orodha ya chakula ya kila siku, mafunzo ya kila mwaka, na wageni watatu kwa mwaka. Mdhamini niliyekuwa naye, ambaye sitamtaja, alikuwa hapokei simu, na mwezi mmoja madai yangu yalikatwa siku tisa bila maelezo hadi nilipokwenda mwenyewe ofisini na mtoto mgongoni. Nikaona nauza amani yangu kwa bei ya mchele. Sikatai kwamba kwa wengine inalipa. Nakataa kuambiwa kwamba asiyejiunga ni mvivu.

Mlezi wa Columbus

Dada yangu, sikusema mvivu, na ukiona popote nimesema nitakufutia. Kwa watoto watatu wa daraja la pili, na mdhamini asiyepokea simu, huenda hata mimi ningetoka.

Ila kuna mlango ambao daraja la pili wengi hawaambiwi. Unaweza kumwomba mdhamini awapelekee wazazi fomu za kipato, na kila mtoto ambaye kaya yake imo ndani ya ile asilimia 185 atalipiwa kwa kiwango cha daraja la kwanza, ingawa wewe unabaki la pili. Mzazi akipenda, fomu inakwenda kwa mdhamini bila kupitia mikononi mwako, kwa hiyo huhitaji kujua mshahara wa mtu. Kama wazazi wako ni wale wanaofanya kazi za usiku kwenye maghala na viwanda vya nyama, karibu wote watapita. Na mdhamini anaweza kubadilishwa, si ndoa.

Mgeni wa Lewiston

Shikamooni wakubwa. Mimi ndiyo kwanza nimepata leseni hapa Maine. Nina maswali mawili ambayo naona aibu kuyauliza ofisini. La kwanza, watoto wangu wawili wanaokula meza moja na wengine, je, wanahesabiwa? La pili, mzazi mmoja ananiambia hatatia sahihi fomu yoyote ya serikali kwa sababu ya mambo yao ya uhamiaji. Nifanyeje?

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Nimefanya kazi ya kutembelea nyumba kwa niaba ya mdhamini kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitajibu kwa kadiri ya nilichokuwa nikikisimamia.

Watoto wako wanahesabiwa kama kaya yako imestahili kwa kipato, si kwa anwani peke yake, na kama katika mlo huo yupo angalau mtoto mmoja wa nje aliyeandikishwa anayekula nao. Siku ambayo watoto wa nje hawakuja, chakula cha wanao ni chakula cha nyumbani kwako, usikiandike. Kuhusu mzazi huyo, fomu ya uandikishaji inauliza siku, saa na milo ambayo mtoto huwa kwako. Haiulizi uraia wa mtoto. Fomu ya kipato, pale inapohitajika, inataka tarakimu nne za mwisho za namba ya Hifadhi ya Jamii ya mtu mzima mmoja, au alama kwamba hana namba hiyo, na kutokuwa nayo hakumnyimi mtoto sahani. Mpe mzazi fomu aisome mwenyewe, au asomewe na mtu anayemwamini. Usimlazimishe.

Kama una mtoto mchanga, usiache kumwandika kwa kudhani hujamnunulia kitu. Unatakiwa umtolee mzazi angalau aina moja ya maziwa ya kopo ya watoto wachanga (formula), naye ana hiari ya kukataa. Maziwa ya mama aliyoyakamua na kukuletea, ukimlisha mtoto wewe, yanahesabiwa, na hata mama akija kumnyonyesha papo hapo nyumbani kwako.

Sasa nije kwenye ukaguzi, ambao naona umetajwa kama mzimu. Ni mara tatu kwa mwaka. Mbili kati ya hizo lazima ziwe za ghafla, na angalau moja ya hizo za ghafla iwe wakati wa mlo. Mlezi mpya hutembelewa ndani ya wiki nne za mwanzo. Sikuwahi kumwandikia mtu vibaya kwa sababu ya sakafu yenye makombo au jiko dogo. Nilichokuwa nikikitafuta ni kitu kimoja: idadi ya vichwa mezani na idadi iliyoandikwa daftarini. Niliwahi kuingia nyumba yenye watoto watatu saa saba mchana, na daftari lilikuwa limeshajazwa watoto sita, mpaka na chakula cha jioni ambacho hakijapikwa. Mama huyo hakuwa mwizi kwa tabia. Alikuwa amezoea kujaza wiki nzima Jumatatu asubuhi ili apumzike. Lakini kanuni haisomi tabia. Upungufu mkubwa usiporekebishwa hufikisha mtu kwenye orodha ya kitaifa ya waliofungiwa, na humo hukaa miaka saba, na zaidi kama deni halijalipwa.

Na nimwambie dada aliyetoka: siku tisa zilizokatwa ulipaswa kupewa sababu yake. Kama sababu ilikuwa daftari ambalo halikujazwa siku ile ile, mdhamini alikuwa na haki ya kukata, lakini hakuwa na haki ya kukunyamazia.

Mlezi Aliyetoka

Ilikuwa hiyo, mzee wangu. Nilikuwa nikijaza Ijumaa usiku, watoto wakishalala.

Mgeni wa Lewiston

Nashukuru sana, mzee. Dada wa Columbus, swali la mwisho: wewe unaandika saa ngapi, na watoto watano wanakuzunguka?

Mlezi wa Columbus

Naandika nikiwa nimesimama. Daftari limening'inizwa kwenye mpini wa friji, kalamu imefungwa kwa uzi ili wasinichukulie. Ninapotoa maziwa naandika majina ya waliopo mezani, na ninaporudisha jagi naandika kilicholiwa. Jioni, mume wangu akiwa anaosha vyombo, naingiza kwenye programu ya simu ya mdhamini, dakika kumi hivi. Madaftari yaliyojaa siyatupi. Natakiwa kuyatunza ya mwaka huu na ya miaka mitatu iliyopita, na yamo ndani ya kasha la viatu juu ya kabati.

Kwa vile ndiyo kwanza umepata leseni, usianze na fomu. Piga simu kwa idara inayosimamia mpango huu jimboni mwako, uombe majina ya wadhamini wanaopokea nyumba za Lewiston, kisha mpigie kila mmoja umuulize mambo mawili: anwani yangu ni daraja gani, na nikikwama katikati ya mwezi nani atapokea simu. Atakayekujibu la pili kwa kukutajia mtu badala ya namba ya ofisi, anza na huyo.